Sahani za Mama Mkwe

Mimi ni mwalimu wa udereva, na kazi hiyo imeniharibu tabia. Kwa miaka mingi nimeketi upande wa kushoto wa gari nikiwa na breki yangu mwenyewe miguuni, na mwanafunzi akikosea mimi hukanyaga kabla yeye hajajua kwamba amekosea. Nyumbani hakuna breki ya pili. Mke wangu husema nikimtazama akikata vitunguu huwa nasukuma mguu sakafuni, na si uongo. Sasa mpe mtu wa namna hiyo mashine isiyofanya kazi, kisha mwambie mashine yenyewe iko jikoni, na jikoni yuko mama mkwe wake. Utaelewa kwa nini msimu ule suruali zangu zote zilinipwaya.

Kwa asiyezijua mila zetu, nieleze. Kwetu Wagiriama mwanamume na mama mkwe wake hawazoeani. Hatushikani mikono; salamu hupitia mlangoni, kila mtu upande wake. Hatuli pamoja. Nikimkuta mahali, mmoja wetu hukumbuka ghafla kwamba ana shughuli kwingine. Hatutaniani, na tukiwa na neno la kuambiana tunampa mtu wa tatu alibebe, hata kama mtu huyo amesimama katikati yetu na sote tunasikiana vizuri. Si chuki hata kidogo. Ni heshima, na heshima hiyo haina likizo. Pale Malindi mjini wapo wengi walioilegeza, wanakula pilau na wakwe zao na kupiga nao picha. Mama mkwe wangu, mkulima wa Vitengeni, hajalegeza hata uzi mmoja.

Alikuja kwetu kwa sababu ya mikono. Ngozi ya viganja na vidole ilikuwa imepasukapasuka mpaka inatoa damu, na kushika mpini wa jembe kukawa mateso. Mke wangu ni muuguzi katika zahanati. Aliitazama ile mikono akasema adui ni maji na sabuni. Mama asioshe chochote, apakwe dawa asubuhi na jioni, mikono ikae mikavu, itapona. Mama alikubali kwa sharti moja: mvua za masika zimkute kwake. Shamba lisilopandwa na mwenyewe, alisema, mbuzi wa jirani huliona ni lao. Mikono isipopona kabla ya mvua, msimu umepotea, na mama yule hakuwa na kitu kingine duniani alichokiita chake isipokuwa shamba lile.

Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa na haraka kumshinda. Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani kwa fulana ya ndani na kikoi. Tangu alipofika, nilivaa shati la mikono mirefu nyumbani kwangu mwenyewe katika joto la Februari, na maji ya kunywa nilikuwa siyapati bila kukohoa mlangoni kwanza ili apate nafasi ya kutokea mlango wa nyuma. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni wangu alikuwa analililia hilo jembe mwenyewe, na mikono ndiyo iliyokataa.

Lakini mama wa Kigiriama hakai katika nyumba yenye vyombo vichafu akavitazama. Mke wangu akimkataza, anaitika vizuri, kisha akigeuza kisogo unasikia maji. Ndipo nilipopata ile mashine ya kuosha vyombo. Kulikuwa na bibi mmoja Mtaliano, mkaazi wa Malindi wa miaka mingi, aliyekuwa anarudi kwao kulea mjukuu na kuuza vitu vya nyumba. Mimi nilikwenda kununua feni. Nilipopita jikoni kwake, akafungua mlango wa mashine iliyokuwa ndiyo kwanza imemaliza kazi, na mvuke ukanipanda usoni hadi miwani ikawa nyeupe. Nikasimama pale sioni kitu, nikijua kwamba nimeuona uponyaji wa mama mkwe wangu. Feni nikaisahau.

Yule bibi alinionyesha kitufe kimoja tu kati ya vingi. "Hiki," akasema. "Vingine acha." Kiswahili chake kilikuwa cha amri tupu, nadhani kwa sababu alijifunzia jikoni.

Nyumbani nikaweka sheria. Kila mtu akimaliza kula anaweka sahani yake ndani ya mashine, basi. Vyombo vya usiku, vya asubuhi na vya mchana vinajikusanya humo, na mimi nikirudi kazini jioni nakagua, natia sabuni yake, nafunga mlango na kubonyeza. Mke wangu aliuliza kwa nini asibonyeze yeye. Nikamwambia gari jipya haliachiwi kila mtu.

Jioni ya kwanza nilikohoa, nikasubiri mlango wa nyuma ufungwe, nikaingia. Nikawasha. Mashine ikaunguruma vizuri, ikazungusha maji, ikanyamaza. Nikasogeza uso, nikavua miwani kabisa nisije nikaichafua, nikafungua. Hakuna mvuke. Nikaingiza mkono, sahani zilikuwa na uvuguvugu wa chai iliyosahauliwa. Nikachukua kipimajoto cha mke wangu cha homa nikakiweka katikati ya vikombe. Kikasoma thelathini na tisa. Mke wangu akasema angekuwa mtoto angempa dawa na kumwambia anywe maji mengi, lakini mashine hajui.

Kuanzia hapo nikaanza vita. Kwanza nikashuku umeme, kwa maana mtaa wetu jioni kila mtu anapiga pasi na taa zinasinzia. Nikajaribu saa nne asubuhi, nilipopita nyumbani kati ya wanafunzi wawili, ikawa vilevile. Nikabadilisha soketi, nikabadilisha plagi, nikanunua waya mnene. Nikatoa chujio la chini nikitarajia kukuta mchele na mifupa imeziba njia, nikakuta chujio safi kama limetoka dukani. Jambo hilo lilinifurahisha. Nikamwambia mke wangu kwamba lazima tumshukuru mama, maana tangu aje watu wa nyumba hii wamejifunza kula kwa adabu, sahani haibaki hata punje. Mke wangu, ambaye siku zile alikuwa akitoka gizani kwenda kazini na kurudi amechoka, akasema ndiyo, mama alitulea hivyo.

Mama naye hakukosa neno. Alimtuma mke wangu aniambie kwamba pole kwa mashine, lakini mafuta ya samaki hayatoki kwa maji ya vuguvugu, na kwamba kama ni lazima, yeye ana mikono. Ule ujumbe ulinichoma. Nikaona kwamba mashine isipopata moto mama atarudi kwenye karai, na mikono haitapona, na mvua itanyesha Vitengeni kwenye shamba tupu. Nikamwita fundi.

Fundi alikuwa mtu wa bara, anayetengeneza friji za wauza samaki. Mila zetu hazikumhusu. Aliingia jikoni moja kwa moja, akamsalimia mama shikamoo, akalala chali chini ya mashine na kuanza kumsimulia habari za kwao na za bei ya viazi, na mama ambaye hajawahi kunisemesha neno moja ana kwa ana nikamsikia anacheka. Mimi nilikaa sebuleni nikifuatilia kwa masikio, kama mtu anayesikiliza mpira redioni. Nikisikia kitu kimeanguka, mguu wangu unakanyaga zulia.

Kila alichokipima kilikuwa kizima. Koili ya kuchemshia maji ilikuwa nzima. Thamostati ilikuwa nzima. Alikuta koili imevaa koti jeupe la chokaa, maana maji yetu ya Malindi yana chumvi hata ukiyachemshia chai unaijua, akaikwangua na kuisugua kwa siki. Mchana ukawa umefika. Mama akampakulia wali na samaki wa kupaka. Fundi akala kwa bidii, kisha, kwa kuwa ni mtu asiyependa mambo mengi, akachukua sahani yake na sufuria yenye ukoko na mafuta, akavitia ndani ya mashine vilivyo na kubonyeza kitufe. Baadaye akaniita. Nikakohoa, mlango wa nyuma ukalia, nikaingia. Mvuke ulikuwa umejaa hadi kwenye kabati la juu.

"Mzee, hii sasa iko sawa," akasema.

Nilimlipa, na nauli juu. Kesho yake jioni nilimwita mke wangu aje ashuhudie, nikafungua mlango kwa mkogo. Kipimajoto kikasoma thelathini na tisa.

Nilimpigia fundi nikamwambia maneno ambayo huwa nawaambia wanafunzi wanaogeuza gari barabarani bila kutazama. Yeye akasema nyumba yangu labda ina kitu. Nikamwuliza kitu gani. Akasema yeye ni fundi wa friji, mambo mengine tunayajua wenyewe watu wa pwani.

Wakati huo mikono haikuwa inapona. Hilo ndilo lililoanza kuondoa kicheko nyumbani. Dawa ilipakwa asubuhi na jioni, mama alikuwa haoshi chochote, na bado mipasuko ilibaki wazi, mingine mipya. Mke wangu akambadilishia dawa. Akampima sukari, akakuta haina neno. Alimnunulia glavu, mama akazikunja vizuri na kumrudishia, akasema hizo ni za madaktari. Kila jioni mama alipiga simu Vitengeni kuuliza mawingu. Siku moja mke wangu alirudi kazini akaketi kitandani na viatu vyake, akaniambia kwamba kidonda kisichoziba bila sababu kinamtisha, na kwamba labda ampeleke mama hospitali kubwa akachunguzwe damu. Alisema kwa sauti ya chini ili isifike chumba cha pili. Nikaona aibu kwa fulana yangu na kikoi changu. Nikaogopa pia, maana yule mama simsemeshi lakini nampenda, na ni yeye aliyenipa mke bila kunisumbua kama alivyonisumbua baba mkwe.

Kisha kukatokea msiba kwao, mzee wa ukoo, na mama akaenda matangani.

Jioni ile niliingia jikoni bila kukohoa. Vyombo vyetu vilikuwa ndani ya mashine vimegandamana, sima ya jana, mchuzi wa kunde, tui limekauka kwenye sufuria. Nikabonyeza bila matumaini nikaenda kutazama taarifa ya habari. Niliporudi na kufungua mlango, mvuke ukanipiga usoni, na sahani zilikuwa za moto hata nikaiachia moja ikavunjika. Nikadhani ni bahati. Kesho yake ikawa vilevile, na kesho kutwa. Nilitembea jikoni kwa fulana, nikinywa maji nitakavyo, na mashine inachemka.

Mama akarudi. Akarudi na mikono imeanza kuziba. Mke wangu akasema ni hewa ya nyumbani. Mimi nikafungua mashine jioni: thelathini na tisa. Wiki haikwisha mikono ikapasuka tena.

Hapo nilifanya kosa ambalo hata mwanafunzi wa siku ya kwanza hafanyi. Nilimwambia mke wangu, taratibu kwa nilivyoweza, kwamba nimechunguza, na inaonekana mashine inapata moto mama asipokuwepo.

"Kwa hivyo mama yangu ndiye anayeipoza mashine," mke wangu akasema.

Nikasema sikusema hivyo. Akasema nimesema. Nikasema labda anagusa vitufe. Akaniuliza kama nataka ampeleke mama yake kwa fundi akapimwe waya. Baada ya hapo hatukuzungumza, na kwa kuwa na mama pia huwa sizungumzi naye, nyumba ikawa na amani ya ajabu.

Nikabaki na mtu mmoja wa kumlaumu, naye ni yule bibi Mtaliano aliyeniuzia. Namba yake nilikuwa nayo. Niliipiga nikiwa kazini, gari limeegeshwa kando ya barabara, na mwanafunzi wangu yuko kwenye usukani. Mwanafunzi huyu alikuwa mama wa makamo kutoka Ngomeni, mfanyabiashara wa samaki, aliyenunua pikapu kwanza na kukumbuka baadaye kwamba hajui kuendesha. Simu yangu haisikiki mpaka iwe kwenye spika, kwa hivyo naye alisikia yote. Nililalamika kwa urefu. Nilieleza koili, thamostati, siki, kipimajoto. Bibi yule akaniacha nimalize, kisha akauliza swali moja tu, nani anaosha vyombo kabla.

Nikamwambia hakuna anayeosha. Ndiyo maana tulinunua mashine.

"Usioshe," akasema. "Hiki kitufe kina jicho. Jicho linatazama maji. Maji machafu, inachemsha sana. Maji safi, inasema hapa hakuna kazi, inalala. Weka chafu." Akaniuliza kama mkwaju wake bado upo pale kwenye nyumba aliyoihama, nikamwambia upo, akashukuru na kukata.

Nilikaa na simu mkononi. Sahani isiyobaki hata punje. Chujio kama limetoka dukani. Fundi aliyetia sufuria yake na ukoko wake. Matanga. Vyote vikanijia kwa pamoja, na cha mwisho kilichonijia kilikuwa mikono. Nikasema kwa sauti, nikimwambia kioo cha gari, kwamba mama mkwe wangu anaosha vyombo vyote kwa mkono, kisha anavipanga ndani ya mashine vikiwa safi, na kwa nini Mungu wangu mtu afanye hivyo.

Mwanafunzi wangu alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili kama nilivyomfundisha, akitazama mbele.

"Mwalimu," akasema, "hiyo mashine jioni yafunguliwa na nani?"

"Na mimi."

"Na sahani za mkweo zimo ndani?"

"Zimo."

"Nawe wazikagua."

Alinigeukia, akanitazama kama ambavyo mimi humtazama mtu aliyeingia barabara kuu kwa kurudi nyuma. "Mie ningeiosha mpaka itoboke," akasema. Kisha akawasha gari bila kuweka gia huru, likaruka mbele likazimika, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi mguu wangu haukugusa breki.

Naam. Mimi mwenye kujua mila, niliyeeleza hapo juu kwa mapana, nilikuwa nimetunga sheria kwamba mama mkwe wangu ale, kisha sahani yake, na mifupa yake ya samaki aliyoifyonza, na alama za vidole vyake kwenye mchuzi, aniwekee mimi mkwe wake nikaivute nje na kuitazama chini ya taa. Na angeosha yake peke yake ningeitambua, ndiyo maana aliosha zote. Na kama hiyo haitoshi nilikuwa nasifu. Nilimtuma binti yake ampelekee salamu kwamba anakula kwa adabu. Sijui alipozipata zile salamu alizifanyia nini.

Nilimweleza mke wangu jioni ile, nikianza na kuomba radhi, kwa sababu nimeoa muda mrefu. Alinisikiliza kwa uso uleule wa tangu juzi, ukalainika polepole. Kesho yake aliondoka kwenda kazini kama kawaida, akafika njiani akageuka.

Alimkuta mama nyuma ya nyumba. Karai la maji ya moto, sabuni ya kipande, sufuria zinasuguliwa kwa majivu na makumbi ya nazi kama kwao, na mikono ile imezama hadi vifundo. Vilivyokwisha vilikuwa vimepangwa juu ya kitambaa vinakauka, vikingoja kutiwa kwenye mashine. Mke wangu ananiambia kwamba alitaka kugomba, akacheka, kisha akapiga magoti akaitoa ile mikono majini na kulia. Mama hakushtuka wala hakuona haya. Alimwacha binti yake amalize kulia, akamwambia jambo ambalo mke wangu alinipa jioni neno kwa neno, na tangu hapo nalibeba.

"Makombo yangu si siri, mwanangu. Ni yeye niliyekuwa nikimstiri. Ataniamkiaje mlangoni kesho, na jana ametazama nilichokitema?"

Tukafanya baraza, kwa njia yetu. Mimi sebuleni, mama jikoni, mke wangu mlangoni katikati kama askari wa trafiki. Nikatamka kwamba kuanzia leo nimejiuzulu. Mashine ni ya mama. Ataipakia yeye, ataifunga yeye, ataifungua yeye, na mimi sitaigusa mpaka yeye aseme. Mke wangu akampelekea maneno hayo umbali wa hatua mbili. Kisha mama akamwambia mke wangu aniulize kitufe ni kipi.

Nimefundisha watu wengi kuendesha magari, wakiwemo wawili walioingia baharini, lakini sijawahi kutoa somo gumu kama lile. Nilifunga macho nikaiona mashine. Nikasema mwambie atie vyombo bila kuviosha. Mke wangu akasema mama, tia bila kuosha. Mama akasema mwulize hata sufuria? Nikasema hata sufuria. Akasema mwambie hii ina ukoko. Nikasema mwambie ukoko ndio unaotakiwa. Akamwambia mke wangu, bila kuomba lipelekwe kwangu, kwamba wazungu ni watu wa kustaajabisha. Nikasikia mlango umefungwa, nikasema sasa abonyeze, taratibu, asisukume. Mguu wangu ulikuwa umechimba zulia. Mashine ikaunguruma.

Tulikaa pale wote watatu, kila mtu mahali pake, tukisikiliza. Ilipozimika, mama akafungua mlango. Kisha akasema, "Mwambie mkwe wangu imetoa moshi kama chungu cha harusi."

Nikasema mwambie nimeshukuru.

Kuanzia siku ile nilipata maji ya kunywa kwa shida kuliko mwanzo, maana mama alikaa na mashine yake kama mama mwenye duka. Akapata maoni yake kuhusu mpangilio wa vikombe. Alimrudisha mke wangu na sahani mkononi kwa kosa la kuisuuza. Fundi alipopita siku moja kuuliza hali, mama alimweleza jinsi mashine inavyofanya kazi, na fundi akamwambia alijua tangu mwanzo. Dawa ikawa inapakwa kwenye ngozi kavu, na ngozi ikaanza kujifunga, kwanza viganja, kisha vidole. Mke wangu akaacha kusema habari za hospitali kubwa. Kidole gumba cha kulia ndicho kilichochelewa, na nyumba nzima ilikuwa ikiamkia habari za kidole hicho. Mimi nilikuwa nazipata kupitia mlangoni.

Simu ya mvua ilikuja alfajiri moja. Vitengeni kumenyesha usiku, ardhi imelowa vizuri. Mama alikuwa tayari amefunga mzigo wake kabla ya chai, na mke wangu akaniambia kwamba alimwomba ufagio akaushika kama jembe, akakunja na kukunjua vidole, akasema mpini umekubali. Nilimuaga mlangoni, nimekohoa, nimemwamkia, akaniitikia marahaba kutoka upande wa pili, akamtuma mke wangu aniambie nisiwapigie kelele wanafunzi. Wakatoka kwa mlango wa nyuma kwenda stendi.

Nilingoja mpaka sauti zao zikapotea. Nikavua shati. Nikaingia jikoni mwangu kwa fulana na kikoi, bila kukohoa, nikinyoosha mkono kuchukua bilauri.

Katikati ya meza kulikuwa na sahani. Hakuificha ndani ya mashine na hakuifunika. Alikuwa amekula mbaazi na samaki wa jana. Mchuzi ulikuwa umekaukia ukingoni kwa alama za vidole vinne, na mifupa alikuwa ameikusanya upande mmoja, imefyonzwa vizuri. Karibu yake palikuwa na kikombe chenye masalio ya chai. Mama aliyeosha vyombo vya nyumba nzima kwa vidole vinavyotoa damu ili nisione kitu kama kile, alikuwa amekipanga mahali ambapo nisingeweza kukikosa: uzi mmoja alikuwa ameulegeza, kwa ajili yangu.

Nilirudi chumbani nikavaa shati, nikafunga vifungo vyote. Kisha nikaibeba ile sahani kwa mikono miwili, nikaitia kwenye mashine peke yake, na kubonyeza.